Zamu ya Pasaka Bondeni Luiche

Winfrida alivuta kamba zote kwa mpigo mmoja. Makopo yakalia bonde zima, kwelea wakainuka juu ya mpunga kama moshi wa tanuri la matofali, na palepale, kwenye ukingo wa matete, akainuka na mwanamume.

Hakuwa amemwona akija. Alikuwa na matope mpaka magotini, majani ya mafunjo yamemganda begani, na shingoni kaning'iniza darubini nyeusi. Winfrida akashika kombeo. Yule mtu naye akainua mikono yote miwili, mmoja ukiwa na kandambili iliyokatika.

"Samahani sana, dada," akasema. "Ungeweza kunyamaza kidogo tu?"

"Ninyamaze?"

"Kuna ndege namtafuta. Kila akikaribia kutua, wewe unavuta hayo makopo."

Winfrida alimtazama kutoka juu ya dungu kama anavyomtazama mwanafunzi aliyechelewa namba. "Kaka, mimi hapa nafukuza ndege. Ndiyo kazi iliyonileta. Unataka ninyamaze wale mpunga wetu, ili wewe uwatazame vizuri wakiwa wanakula?"

Yule mtu akafikiri. Hakutafuta maneno ya kujitetea. Alifikiri kweli, uso umetulia. "Ukisema hivyo," akajibu, "naonekana mjinga."

Winfrida akacheka. Hakuwa amepanga kucheka. Kicheko kilimtoka tu, kikamshinda, mpaka kamba zikamponyoka mkononi na kwelea wakapata nafasi ya kurudi kwenye jaruba la mbali. Baadaye, alipokuwa akijiuliza ni lini hasa moyo wake uligeuka, alirudi kwenye jibu lile. Wanaume aliokuwa amewazoea hawakukubali kuonekana wajinga hata walipokuwa wamekaa juu ya ujinga wenyewe.

Mpunga ule ulikuwa wa baba yake, Mzee Feliksi, fundi cherehani wa Mwanga. Cherehani ndiyo iliyosomesha watoto, lakini mpunga wa Luiche ndio uliokuwa moyo wake. Kila masika, masuke yalipoanza kuinama na kugeuka rangi, watoto wote walijua wanatakiwa nyumbani. Winfrida alikuwa mwalimu wa Baiolojia katika sekondari moja ya Uvinza. Likizo ya Pasaka ilipoanza, wenzake walipanga safari za mijini. Yeye alipanda dungu. Lilikuwa jukwaa la miti lenye paa la nyasi, katikati ya shamba, na kamba zimetoka hapo kwenda pande zote, zimefungwa makopo na vipande vya vitenge kutoka kwenye cherehani ya baba. Ukivuta, shamba zima linatetemeka. Hiyo ndiyo kuamia, nayo haina siku ya mapumziko, kwa kuwa kwelea hawana kalenda.

Masenge Verediana, dada yake Mzee Feliksi, alifika mbio na jembe begani, maana alisikia sauti ya kiume. Akamzunguka mgeni mara mbili kama anayenunua mbuzi, kisha akaanza maswali. Mgeni alimwamkia vizuri, akajibu moja baada ya lingine. Jina lake Nasri. Kwao Ujiji. Babu yake alivuka ziwa kutoka Kongo zamani, wakazaliwa wao huku. Alisomea wanyamapori, akamaliza, na sasa alikuwa anatafuta korongo taji.

"Wana taji la manyoya ya dhahabu kichwani, shikamoo nyingine hiyo, bibi, nimesahau kukuambia ni wazuri kiasi gani," alisema, na kwa mara ya kwanza maneno yake yakagongana.

"Umusambi," akasema Masenge, akiwataja kwa lugha ya kwao, na jembe likashuka begani. "Mama yangu alikuwa akiwaona wakicheza humu humu. Mimi sijawaona tangu sijaolewa. Wewe unawatafuta wa nini? Unataka kuwala?"

Nasri akaeleza. Shirika moja la uhifadhi lilikuwa linatafuta mtu wa kuangalia kinamasi kile mwaka mzima, lakini wakubwa wa shirika hilo waliamini korongo taji wamekwisha Luiche, na pasipo korongo hawakuona sababu ya kuajiri mtu. Picha moja tu ya jozi yao, iwafikie kabla Jumatatu ya Pasaka haijaisha, na kazi ni yake. Kamera aliazima. Lenzi yake fupi, kwa hiyo ilibidi ndege wenyewe wasogee.

Jioni Mzee Feliksi alipokuja kukagua, alisikiliza hadithi yote akiwa amekunja mikono.

"Kwa hiyo wewe kazi yako ni kutazama ndege."

"Ndiyo, mzee."

"Na mshahara unapewa na nani? Na ndege?"

Masenge akaangua kicheko. Nasri naye akacheka, lakini Mzee Feliksi hakucheka, na hapo Winfrida akajua kwamba baba yake hakuwa anatania. Hata hivyo mzee hakuwa mtu wa kumfukuza mgeni. Walipatana hivi: asubuhi na jioni, kwelea wanapokuwa na njaa, Nasri atashika kamba kama mtu mwingine yeyote wa shamba. Mchana jua linapowaka, kwelea wakienda kivulini, kutakuwa kimya, naye atakaa na darubini yake mpaka achoke.

Hakuchoka. Siku zikapita, na Winfrida akajikuta anaisubiri saa ya mchana kuliko saa ya kula. Nasri alikuwa akimpa darubini bila kumwelekeza kwa maneno mengi, anamgeuza tu kidogo kwa ncha ya kidole begani, kisha anaondoa kidole haraka kama aliyegusa pasi. Winfrida aliona mdiria akijitosa majini na kutoka na samaki. Aliona mbayuwayu wamejipanga kwenye kamba za makopo, wananyoosha mabawa, na Nasri akamwambia hawa wako safarini kwenda Ulaya, huko baridi inakwisha sasa, ndiyo maana wanakula bila kupumzika.

"Na mwakani wanarudi?"

"Wanarudi. Wengine kwenye nyumba ileile."

"Wanajuaje njia?"

"Watu wanaeleza mambo mengi. Nyota, jua, na nini na nini." Alikuwa anamtazama yeye, si mbayuwayu. "Mimi nadhani ukishakuwa na pa kurudi, njia haikusumbui."

Winfrida akarudisha macho kwenye darubini, ingawa alikuwa ameishika vibaya na hakuona kitu ila giza. Masikio yalimwaka. Alishukuru kwamba Masenge alikuwa amelala chini ya dungu, khanga usoni, akikoroma kwa raha zake.

Lakini Masenge hakuwa analala sana kama alivyoonekana. Jioni ya Ijumaa Kuu, baada ya Njia ya Msalaba, Mzee Feliksi alimwita binti yake kando ya tuta, wakasimama wakitazama maji yanavyopita kwenye mfereji.

"Kijana sina ubaya naye," alianza. "Mama yake namjua. Ndiye yule wa vitenge pale kona ya soko la Mwanga. Nashona vitambaa vyake miaka yote na hajawahi kunipunja. Lakini kwao wanasali Ijumaa, sisi tunasali Jumapili. Huo ni mzigo. Halafu hana kazi ya kushikika. Huo ni mzigo wa pili. Mzigo mmoja mtu anaweza kuubeba, mwanangu. Miwili inavunja mgongo."

"Akipata kazi, Baba?"

"Akipata kazi tutazungumza kuhusu huo mmoja."

"Baba, mimi sijakuambia neno lolote juu yake."

"Hujaniambia," mzee akakubali, akianza kuondoka. "Ndiyo maana nimekuambia mimi."

Usiku ule Winfrida alijigeuza kitandani kama chapati. Kulipokucha alikuwa ameshaamua, na alipoamua akawa mwepesi. Mchana wa Jumamosi, Masenge alipokwenda kuchota maji, alimwambia Nasri yote, mizigo yote miwili, bila kupunguza. Nasri alisikiliza macho yakiwa kwenye kinamasi.

"Basi usimwambie kitu mpaka nipate picha," alisema. "Niende kwake nikiwa na jambo mkononi."

"Na usipopata?"

Nasri akainua darubini.

"Nitazame, Nasri. Mimi sijaipenda picha. Kesho ni Pasaka. Kesho nitamwambia Baba kwamba nakupenda na kwamba nataka uingie kwetu kwa mlango wa mbele. Picha iwepo, isiwepo. Nakuahidi."

"Utaharibu. Mzee wako ni mtu wa hesabu."

"Ni mtu wa hesabu, ndiyo. Na mimi ni mtoto wake."

Nasri akaishusha darubini. Kisha akatabasamu polepole, kama mtu aliyetua mzigo ambao hakujua kwamba alikuwa ameubeba. Hawakushikana mikono. Walikaa tu, mikono yao imelala kwenye ubao uleule wa dungu, na nafasi iliyobaki katikati ilitosha kulaza suke moja la mpunga.

Tatizo la Jumapili lilijitokeza jioni ileile. Bondeni kule walikuwa na desturi yao. Siku ya Pasaka na ya Noeli, majirani Waislamu huamia mashamba ya Wakristo ili wote waende kanisani. Siku ya Idi, Wakristo nao hulipa zamu. Hakuna aliyekumbuka ilianza lini. Jirani aliyekuwa akiamia shamba la Mzee Feliksi alikuwa amepata msiba Kagunga, na boti ya kumrudisha ilikuwa bado. Masenge akatangaza kwamba atabaki yeye, Mungu anamwona hata shambani. Alisema kwa sauti ya juu mno, na wote wakajua kwamba alikuwa ameshashonewa gauni jipya.

"Nendeni wote," akasema Nasri. "Nitaamia mimi."

Mzee Feliksi akageuka. "Wewe una ndege wako."

"Ndege wangu wanakuja mchana, mzee, kwelea wakiwa wamelala. Haviingiliani. Nitashika zamu tangu asubuhi mpaka jua lizame. Hata suke moja halitaliwa."

Mzee alimpima kwa macho muda mrefu. "Neno lako hilo?"

"Neno langu."

Alfajiri ya Pasaka mvua ikanyesha. Ilikuwa mvua nzito ya masika, ya kupiga mabati mpaka watu wasisikizane, nayo haikuacha mpaka asubuhi ilipokaribia kwisha. Winfrida aliimba na wenzake kanisani, lakini mawazo yake yalikuwa bondeni. Alijua jambo moja ambalo Nasri naye lazima alikuwa amelijua tayari: kwelea walioloweshwa asubuhi hawali, na wasiokula asubuhi watakuja mchana na njaa ya siku nzima.

Nyumbani Mwanga, mama yake alikuwa amepika wali na migebuka, samaki wa ziwani, iliyoungwa kwa mawese. Winfrida hakumaliza sahani. Mama, ambaye alikuwa amebaki akiangalia duka la ushonaji likizo yote lakini habari alikuwa nazo zote, akafunga hotpoti kwenye khanga na kumwekea mbele.

"Mpelekee mgeni wa shamba," akasema. "Baba yako na Masenge wanakuja nyuma. Na uache kutafuna kucha, umeshakuwa mwalimu."

Bodaboda ilimshusha mwisho wa barabara, akashika tuta kwa miguu, viatu mkononi kwa sababu ya utelezi. Mvua ilikuwa imeliosha bonde likang'aa. Alipofika kwenye kona ya mfereji, akawaona.

Walikuwa wawili, kwenye jaruba la mwisho lililopakana na kinamasi. Warefu, kijivu, shingo nyembamba, na vichwani mwao yale manyoya yamesimama kama miale. Mmoja aliinamisha kichwa. Mwenzake akainamisha. Kisha yule wa kwanza akaruka juu, mabawa wazi, meupe na mekundu ya kahawia, akatua, akainama tena, na wa pili akaruka kumjibu. Winfrida alisahau kuvuta pumzi. Aliwahi kufundisha somo la ndege ubaoni, akachora na mishale. Hakuna aliyemwambia kwamba wanaweza kuheshimiana hivi.

Juu ya dungu Nasri alikuwa amepiga magoti, kamera jichoni. Hakupiga. Winfrida alijua sababu, kwa kuwa alikuwa amemweleza: mpaka wavuke ule mstari wa mafunjo, ndipo lenzi itawapata. Nao walikuwa wanakuja. Wanacheza, wanasogea. Wanaokota kitu, wanasogea.

Hapo ndipo wingu likatokea ng'ambo ya mto.

Lilikuwa wingu la kwelea, zito, linajikunja na kujikunjua, likaelekea moja kwa moja kwenye majaruba ya kati, yaliyoiva kuliko yote. Winfrida alisimama katikati ya tuta, hotpoti imemchoma tumboni asiisikie. Waache wale, alisema moyoni. Nasri, waache. Jaruba moja tu. Mpunga utapandwa tena mwakani. Hakuna atakayejua. Angeweza kupaza sauti amwambie, lakini hata sauti yake ingewashtua korongo, kwa hiyo alibaki akimwomba kimyakimya asitimize neno alilompa baba yake.

Nasri alishusha kamera. Aliwatazama korongo kwa macho matupu, kitambo kidogo, jinsi mtu anavyomtazama msafiri ambaye boti yake imeshang'oa nanga. Kisha akasimama, akazikusanya kamba zote mikononi, akavuta.

Makopo yalilia kama harusi. Nasri akapiga kelele, akapiga debe, akavuta tena, na wingu la kwelea likapasuka juu ya mpunga kabla halijatua, likageuka, likarudi mtoni. Korongo wakakimbia hatua chache, wakanyanyuka pamoja, wakazunguka kinamasi mara moja wakilia kwa sauti nzito ya huzuni, na kupita juu ya kichwa cha Winfrida wakielekea milima ya mashariki. Aliwafuata kwa macho mpaka wakawa nukta, kisha hata nukta ikapotea.

Nyuma yake mtu alikohoa. Mzee Feliksi alikuwa amesimama kwenye tuta, kofia ameishika kifuani, na Masenge pembeni yake, gauni jipya limekunjwa mpaka magotini.

"Umusambi," alisema mzee, taratibu, kama anayetaja jina la marehemu aliyempenda. "Ndio aliokuwa anawatafuta?"

"Ndio, Baba."

"Amepata picha?"

"Hajapata. Walikuwa hawajafika karibu. Kwelea wamekuja, akavuta kamba."

Masenge akaguna. Mzee akawapita. Aliteremka kwenye jaruba la kati, suruali yake ya kanisani na yote, akapita polepole katikati ya mpunga akigusa masuke kwa kiganja, moja akalichuma na kulitia mfukoni. Akaenda mpaka mwisho, akarudi. Winfrida alimsubiri palepale.

"Baba, nina neno. Nilimwahidi Nasri kwamba nitalisema leo, picha iwepo isiwepo. Haipo. Kazi haipo pia, na kwao bado wanasali Ijumaa. Mizigo yako yote miwili iko vilevile, sikufichi. Nampenda. Nataka aje kwetu kwa mlango wa mbele, na mama yake, kama watu. Ukikataa nitasikitika, lakini sitasema kwamba sikukuambia."

"Yemwe," akanong'ona Masenge, mkono kinywani. "Mtoto huyu."

Mzee Feliksi alitoa suke moja mfukoni, akalisugua kati ya viganja, akapuliza makapi. Punje zilibaki nzima, zimejaa. Alizitazama.

"Mama yake anajua?"

"Bado."

"Basi aanze huko. Mimi sipokei mtu anayejificha kwao. Huo mzigo wa sala utabebwa na wote, wa kwao na wa kwetu, tena utakuwa mzito, usijidanganye." Akazitia punje mdomoni, akazitafuna. "Ule wa kazi, kazi nimeiona."

Kisha akaelekeza uso kwenye dungu na kumwita Nasri ashuke ale, watu wa shamba wamesharudi, zamu imekwisha.

Nasri alisogea ukingoni. Sauti yake ilikuwa imekauka kwa kelele, ikatoka kama ya jogoo anayejifunza. "Asante, mzee. Lakini nilisema mpaka jua lizame."

"Tumesharudi, nimekwambia. Kama unawahi, pengine utawakuta ndege wako huko mlimani."

"Hawatatua tena leo. Na neno nililitoa mimi." Alikuwa tayari anatazama ng'ambo ya mto, ambako kwelea walikuwa wanakusanyika upya.

Mzee akatazama jua. Lilikuwa bado juu ya ziwa, halina haraka yoyote. Akamgeukia binti yake, ambaye machozi yalikuwa yanamtiririka na bado alikuwa anatabasamu, na akasema kwa sauti ambayo Masenge na majirani wa mashamba ya pili waliisikia vizuri:

"Sasa umesimama nini na chakula cha watu? Mpelekee hukohuko juu, kabla hakijapoa."